Umefika Wapi?

Tikiti ya kaka yangu ilisema dakika arobaini na tano.
Bishkek hadi Osh, kwa anga,
kilomita mia tatu na ushei,
kama uzi uliovutwa baina ya sindano mbili.
Mimi ni mshonaji, uzi naujua:
haunyooki ila pale pasipo nguo.

Kwa barabara ni mia sita na ushei,
saa kumi na mbili, Tologon akisema kweli,
na Tologon, dereva, ana kweli yake ya asubuhi
na kweli nyingine baada ya pancha.

Saa tano hazijatimia, Kubat alikuwa keshaketi
kitandani pa mama, na mama amelala.
Alipoamka akamuuliza: Umeona nini njiani?
Kubat akafikiri.
Bawa, akasema. Mawingu. Peremende moja, ya ndimu.
Mama akageukia ukuta.
Kisha akaomba simu.

Umefika wapi, Batma?

Too-Ashuu, mama, tunapanda.
Gari linahema kama ng'ombe mwenye mimba.
Kuna bibi nisiyemjua kanilalia begani
tangu Kara-Balta, na sina moyo wa kumwamsha.
Mtaingia handakini sasa, alisema. Ziba pua.
Mwaka ule wa mimba yako lori letu lilizimika humo,
na baba yako aka—
Mlima ukaimeza sentensi
ukabaki nayo.

Upande wa pili, Susamir:
kijani mpaka macho yanauma,
mahema ya wafugaji, farasi, moshi,
na mtoto wa miaka sita hivi akiuza kuruti,
vidonge vya maziwa makavu, chumvi tupu, vigumu kama kokoto.
Chenji hana, na haoni haya.
Nikamwachia. Nikafunga vidonge tisa kwenye leso.

Umefika wapi?

Toktogul, mama. Ng'ambo ya ziwa
naiona barabara tutakayoipita,
naliona hata lori jekundu juu yake,
na bado tunazunguka, tunazunguka,
kama mtu anayetaka kuomba deni lake
na hajui aanzie wapi.
Mama akacheka. (Kubat aliniambia baadaye:
kicheko cha kwanza tangu Ijumaa.)
Shule yangu imo humo, alisema, chini ya maji,
na dawati langu, kama halijaoza.
Punga mkono.
Nikapunga.
Unampungia nani? Tologon akauliza kiooni.
Shule, nikamjibu. Akapunguza mwendo,
mtu asiyewahi kupunguza mwendo hata kwa polisi.

Umefika wapi?
Tash-Komur. Mto ni kijani, milima imekauka.
Umefika wapi?
Tumeketi kando ya njia. Tairi.
Umefika wapi?
Tunaukwepa mpaka, mama. Nchi jirani
imetuchomekea kidole ubavuni,
na barabara, kwa adabu, inakizunguka.
Sauti yake sasa ilikuwa ndogo,
lakini miji aliitaja kabla yangu,
mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu
vifungo vya koti lake gizani.
Baada ya Uzgen hakupiga tena.

Saa tatu usiku nikauona mlima wa Suleimani na taa zake.
Ngazi nilizipanda kwa miguu iliyokufa ganzi.
Kubat alikuwa kalala kitini,
viatu vyake havina hata vumbi.
Mama alikuwa macho.
Hakuuliza.
Nikamfungulia leso; akachukua kidonge kimoja,
akakiweka ulimini, meno hana,
akakiacha kiyeyuke chenyewe.

Susamir, akasema.

Nimefika, mama, nikamwambia.

Wewe, ndiyo. Akafumba macho.
Mimi ndiyo kwanza natoka handakini.
Keti. Na tukifika pale ziwani
usinipitishe mbio.